Vema Nyekundu kwenye Daftari la Nyangeta

Walimu wenzangu vijana, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kufundisha vipimo, maana mmesikia kwamba niliifanya kazi hiyo hadi nikastaafu nayo. Ni kweli. Nimefundisha sayansi darasa la tano, la sita na la saba kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Lakini mkitaka kujua kosa langu kubwa, halikutokana na kutokujua. Nilijua vizuri kabisa kwamba mililita ishirini ni lita sifuri nukta sifuri mbili. Kosa langu lilikuwa kuweka vema mahali ambapo sikusoma.

Kwa ajili ya vema hiyo moja maksai alikufa, na msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu akatolewa shule kwenda kushika jembe. Aliitwa Nyangeta. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila mnivumilie, mimi nikianza kusimulia huwa siendi moja kwa moja. Mke wangu hapa Kitaji, Musoma, anasema nikitumwa chumvi nyumba ya pili napitia kwanza Bunda.

Basi tupitie Bunda.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kabasa, huko huko Bunda. Nilifika na cheti kipya, suruali iliyopigwa pasi na kiburi cha kutosha shule mbili. Wakanikabidhi kwa Mwalimu Bhoke, mama mfupi, mnene kidogo, sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili, nimtazame akifundisha kabla sijashika chaki. Siku hiyo alikuwa anafundisha urefu. Akamuuliza mtoto, "Darasa letu lina urefu gani?"

"Nane," mtoto akajibu.

"Nane nini? Nane kondoo?"

Darasa likacheka. Mtoto akasema, "Mita nane, Mwalimu."

"Ahaa. Mama yako akikutuma dukani akasema 'leta mbili' basi, utaleta mbili nini? Utarudi na mkaa wakati yeye anataka sukari, na utapigwa."

Huyo ndiye Bhoke. Kwake hapakuwa na namba inayotembea peke yake. Tena alikuwa na utaratibu wake ambao hakuruka hata siku moja: kwanza mtoto akisie, halafu apime, halafu ndipo abadilishe kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Alikuwa na chupa ya maji ya lita moja ambayo kila mtoto alipaswa kuibeba mkononi mpaka mkono uchoke, ili ajue lita moja ya maji ni kilo moja hata akiwa amefumba macho. Alikuwa na vizibo vya soda, bomba la sindano lisilo na sindano, na mche wa sabuni ambao aliupima urefu kila Jumatatu kadiri ulivyokuwa unakwisha.

Mimi nilimwona anapoteza muda. Mwezi mzima yupo kwenye mita na lita! Mimi nilikuwa na ngazi.

Ngazi hiyo mnaijua, bado inachorwa ubaoni hadi leo. Kilo juu kabisa, hekto, deka, katikati ndiyo mita au lita au gramu, kisha desi, senti, mili huko chini. Ukishuka ngazi moja unazidisha kwa kumi, ukipanda unagawanya kwa kumi. Niliwafanyia wimbo, watoto wanapiga makofi wanapanda na kushuka. Kwa wiki moja darasa zima lilikuwa linabadilisha kilomita kuwa milimita kama wanamenya karanga. Mkaguzi alipokuja akanisifu mbele ya Bhoke. Nilivimba kichwa siku tatu.

Bhoke akaniambia jambo moja tu, wakati tunakunywa chai: "Masatu, hao watoto wako wanaijua ngazi. Wamewahi kuiona mililita?"

Nikacheka. Nani anahitaji kuiona mililita?

Nilihamishiwa baadaye shule moja upande wa Butiama, na nikaenda na ngazi yangu. Shule hiyo sitaitaja jina. Ilikuwa na rula moja ya mita, ya mbao, ambayo ilifanya kazi zote: kupima, kuchora mistari, kukoroga uji wa walimu mwiko ukipotea, na nyingine ambazo hamruhusiwi tena na ni vizuri. Siku moja ncha yake ikavunjika. Mwalimu mkuu, mtu wa usafi, akaipeleka kwa fundi seremala akaikata vizuri na kuipiga randa. Ikarudi inapendeza. Tukaendelea kupima.

Ilipita karibu mwaka mzima. Kila mtoto niliyempima kimo alikuwa amekua vizuri sana, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba lishe ya uji inasaidia. Ni Nyangeta aliyekuja mezani kwangu, ameshika rula kama mtu aliyeshika nyoka, akasema, "Mwalimu, hii rula inaanziaga mbili."

Nikaitazama. Fundi alikuwa amekata sentimita mbili za mwanzo. Darasa zima lilikuwa limerefuka sentimita mbili kwa msumeno.

Nimewaeleza kisa hiki ili mmjue huyo msichana. Alikuwa mwembamba, hapendi kelele, anakaa dawati la pili upande wa dirisha, na jicho lake halikuachia kitu. Baba yake, Mzee Wambura, alikuwa mkulima na mfugaji, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuwa akipita shuleni na ng'ombe wake ananyoosha fimbo kuelekea darasani kwetu na kumwambia yeyote aliye karibu, "Wangu yumo mule."

Sasa nifike penyewe.

Niliwapa zoezi la maswali kumi ya kubadilisha vipimo. Madaftari yalikuwa zaidi ya hamsini, na nilitaka kuyamaliza kabla ya mapumziko kwisha. Walimu vijana, nawaambia siri ambayo pengine tayari mnaifanya. Sikuandika majibu yangu pembeni. Nilichukua daftari la Nyangeta, nikampa vema kumi bila kusoma, halafu nikalifanya ndiyo karatasi yangu ya majibu kusahihishia wengine. Nilikuwa nafanya hivyo muhula mzima. Mtoto hakuwahi kunikosesha.

Swali la saba liliuliza mililita ishirini ni lita ngapi. Nyangeta alikuwa ameandika lita 0.2. Kwenye ngazi alipanda hatua mbili badala ya tatu, kosa ambalo hata mimi ningelifanya nikiwa na njaa. Nikampa vema, nyekundu, kubwa, yenye mkia. Na watoto watatu walioandika 0.02, ambalo ndilo jibu sahihi, nikawakosesha. Mmoja wao, Chacha, ambaye kwa kawaida alikuwa anapata mbili au tatu, akaja kunionyesha daftari lake.

"Mwalimu, hapa mimi naona nimepata."

"Nyangeta kaandika nini?"

"Sifuri nukta mbili."

"Basi nenda ukakae."

Akaenda akakaa. Hadi leo nikilikumbuka neno hilo naona aibu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Wambura alinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kupe, chupa ya aina mpya. Msimu wa kulima ulikuwa umekaribia na maksai wake wawili, waliokuwa wanavuta plau, walikuwa wamejaa kupe masikioni. Miaka yote alikuwa anapima dawa kwa vizibo vya soda kama alivyoelekezwa zamani. Lakini sasa alikuwa na mtoto wa darasa la sita, wa kwanza darasani. Akampa chupa asome. Maandishi yakasema mililita ishirini kwa ndoo ya lita kumi za maji.

Nyumbani kwao kulikuwa na jagi la plastiki lenye alama pembeni za sehemu za lita. Alama ya kwanza kabisa chini ilikuwa 0.2. Mtoto akakumbuka swali la saba. Akamimina dawa hadi kwenye alama hiyo, akaitia kwenye ndoo.

Hiyo si mililita ishirini. Hiyo ni mia mbili. Ni mara kumi.

Maksai wote wawili waliogeshwa kwa maji hayo. Kufika mchana walikuwa wanayumba. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akaamuru wamwagiwe maji mengi safi, akafanya alichoweza. Mmoja alisimama tena baada ya siku mbili. Mwenzake, aliyeitwa Madoa, hakusimama.

Jumatatu Nyangeta hakuja shule. Jumanne hakuja. Jumatano akaja baba yake, peke yake, amevaa koti lake la kanisani na daftari la mtoto ameliweka mfuko wa ndani. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti ofisini, mimi nikaitwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuaga. Mtoto hatakuja tena."

Mwalimu mkuu akampa pole ya ng'ombe, akaanza kumweleza umuhimu wa elimu ya mtoto wa kike. Mzee akamsikiliza hadi mwisho.

"Hayo yote ni kweli, Mwalimu. Lakini plau inavutwaga na ng'ombe wawili. Nimebaki na mmoja. Mvua haitanisubiri. Mimi na mama yake na yeye tutashika jembe la mkono, tukipata hata eka moja tutashukuru Mungu. Na tena yeye mwenyewe hataki. Hataki kuona namba. Mama yake akimwambia hesabu kuku, analia."

Halafu akalitoa daftari, akalifungua ukurasa ule, akaliweka mbele yangu. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameukariri ukurasa.

"Mimi nilijua ni nyingi," akasema. "Siku zote tulikuwaga tunaweka vizibo saba kwa ndoo. Nikamwambia, mwanangu, hii mbona nyingi? Akaniletea hili daftari. Akaniambia, baba, angalia, mwalimu ameweka vema. Nikaona rangi nyekundu. Nikanyamaza. Mimi sijasoma, nitabishana vipi na mwalimu?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepumua.

Mwalimu mkuu akaliangalia swali, akaniangalia mimi, akasema haraka, "Watoto huwa wanakosea kuhesabu, Mzee." Na mimi, Masatu, mwalimu wa sayansi mwenye ngazi na wimbo, nikasema, "Tutaliangalia, Mzee." Ndiyo maneno niliyosema. Nilimwacha akaondoka akiamini kwamba mwanawe ndiye aliyeua ng'ombe. Niliogopa kazi yangu, niliogopa kusemwa, niliogopa watu wa Butiama na mali yao ya ng'ombe. Nawaambia hivyo hivyo bila kupamba.

Ijumaa baada ya vipindi nikapanda gari hadi Bunda, nikamkuta Mwalimu Bhoke anachambua mchele mlangoni. Nikamsimulia, nikitegemea aseme hata yeye aliwahi kukosea. Akaendelea kuchambua mchele.

"Mtoto alikosea nukta," akasema mwishowe. "Watoto huwa wanakosea, ndiyo maana sisi tunalipwa. Wewe ulifanya nini?"

"Sikusoma, mama."

"Basi kaseme hivyo. Mwambie mtoto, na wale watatu, na mzee. Halafu eka ya huyo mzee atailima nani?"

"Ya mzee?"

"Masatu, una mikono miwili. Unajua eka moja ni mita za mraba ngapi. Umeisoma sana hiyo. Sasa nenda ukaione."

Jumatatu niliwaambia watoto wafungue madaftari yao, nikasimama mbele nikawaeleza nilivyokuwa nasahihisha. Nikamwita Chacha na wenzake wawili, nikafuta alama za kosa, nikawapa vema zao. Chacha akaniuliza kama atahesabiwa na za mwezi uliopita pia. Nikamwambia tutaanzia hapo.

Jumamosi nikachukua jembe, nikaenda kwa Mzee Wambura. Nilimkuta anakaza mpini. Nyangeta alikuwa mbele kidogo shambani na mama yake, wanalima. Aliponiona akageuza mgongo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea njia?"

Nikamweleza yote, nimesimama, na sauti nikaipandisha ili ifike shambani. Kwamba mtoto alikosea hatua moja tu kwenye ngazi, na kazi yangu ilikuwa kuliona kosa hilo, na sikuliona kwa sababu sikusoma. Kwamba vizibo saba vyake vilikuwa sahihi, maana kizibo cha soda kinachukua mililita tatu hivi, saba mara tatu ni ishirini na moja. Yeye asiyesoma ndiye aliyekuwa amepata. Kwamba ng'ombe siwezi kumfufua, lakini eka ninaweza kuilima.

Mzee alinitazama miguu mpaka kichwa. Mimi ni mrefu, na wakati huo nilikuwa mwembamba kama fito.

"Na jembe unajua kushika?"

"Nitajifunza."

"Haya. Jipimie eka yako pale."

Kule kwetu, kama mnavyojua, eka ni hatua sabini kwa hatua sabini. Hakuna anayetoa kamba. Nikapiga hatua sabini upande huu, nikachomeka kijiti, sabini upande ule, nikachomeka kingine, hadi nikazunguka. Mzee alisimama anatazama, hakusema kitu. Nikaanza kulima.

Siku hiyo nilijifunza kwamba mita ya mraba ni kubwa. Kwenye ubao inaandikwa kwa herufi moja na tarakimu ndogo juu. Kwenye udongo ulioshikamana mwanzo wa msimu ni kitu kingine kabisa. Hadi jioni viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na nilikuwa nimelima kipande ambacho mama yake Nyangeta angekimaliza kabla ya chai ya saa nne. Alipita, akakitazama, akasema, "Pole, Mwalimu," akaficha uso kwenye kanga. Najua alikuwa anacheka.

Nyangeta hakunisemesha. Nilipomwuliza amelima matuta mangapi, aliacha jembe akaenda kunywa maji.

Nilirudi kila Jumamosi, na siku nyingine baada ya vipindi. Ningekuwa peke yangu ningelia. Baadaye jirani mmoja akaja na mwanawe, halafu mwingine, maana ilianza kuwa kama sinema, mwalimu analima eka ya adhabu. Lakini hata kwa mikono hiyo eka yangu ilikuwa haiishi. Nilishangaa. Nilijiambia ni ulegevu wangu.

Darasani nako nilikuwa nimeitupa ngazi nyuma ya kabati, nimeanza upya kwa njia ya Bhoke: kisia, pima, badilisha. Watoto walisokota kamba ya katani ya mita ishirini, wakafunga fundo kila mita kwa kipande cha kitambaa. Tulipima uwanja, tulipima jiko, tulimpima mwalimu mkuu kivuli chake bila yeye kujua. Jumamosi moja nikaenda shambani na kamba hiyo begani, kwa sababu tulikuwa na somo la eneo Jumatatu na nilitaka kuwaletea vipimo vya shamba la kweli. Nikaiweka chini ya kivuli, nikaenda kulima.

Nilipoinua kichwa nikamwona Nyangeta ameishika. Alikuwa anayagusa mafundo moja moja kwa kidole. Niliinama nikaendelea kulima, lakini nawaambia nilikuwa nalima pale pale pa zamani.

Akachukua ncha moja akaifunga kwenye kijiti changu cha pembeni. Akaivuta hadi mwisho, akaweka jiwe, akaivuta tena, na tena. Akafanya upande wa pili, akapima na kipande kilichokuwa bado hakijalimwa. Halafu akachuchumaa, akaandika chini kwa kijiti, akafuta, akaandika tena. Baba yake aliacha kazi, akasimama anaegemea mpini. Mama yake pia.

Mtoto akaja kwangu. Wiki zote hizo hakuwa ameniita.

"Mwalimu."

"Naam."

"Hatua zako ni ndefu. Sabini zako zimekuwa mita sabini kamili. Watu wengine hatua yao haifikagi mita."

"Kwa hiyo?"

"Sabini mara sabini ni elfu nne na mia tisa." Akasimama kidogo. "Mita za mraba, Mwalimu. Na eka ulitufundisha ni kama elfu nne. Umejiongezea mia tisa. Umeshapitiliza eka tangu juzi."

Nikageuka nikautazama mraba wangu. Kweli. Mtu mwenye miguu mirefu kama yangu nilijipimia shamba la kujikomoa, na mwalimu mzima sikuliona, nimeshinda tangu juzi nikilima kisicho changu.

Mzee Wambura akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi kwenye tuta. "Mimi nilijua," akasema. "Siku ile ya kwanza nilikuona unatupa miguu kama korongo, nikajua hii eka itakuwa kubwa. Safari hii nimenyamaza makusudi."

Alipomaliza kucheka akapangusa macho, akamtazama mwanawe, aliyekuwa bado ameshika kamba.

"Nyangeta."

"Naam, baba."

"Jumatatu uende shule. Huyu mwalimu asiachwe peke yake, atatumaliza."

Alikwenda. Nami nisije nikawadanganya kwamba kila kitu kilirudi kama mwanzo. Mwaka huo Mzee alivuna kidogo, na ilichukua muda kupata maksai wa pili. Mtoto naye kwa muda mrefu alikuwa anapima kitu mara tatu, hata chumvi ya mboga, mama yake alinieleza. Sikumkataza. Mara tatu si nyingi.

Baadaye nilifundisha Nyasho, hapa Musoma, nikamalizia huko. Watoto wa Nyasho walinifundisha nao. Niliwahi kuwauliza sado moja, kile kindoo cha kupimia sokoni, ni kilo ngapi, nikitegemea wataniambia nne, kama ya mahindi. Binti ambaye mama yake anauza dagaa sokoni akaniuliza, "Sado ya nini, Mwalimu? Ya dagaa kavu haifiki hata kilo mbili." Nikaweka chaki chini nikampigia makofi. Somo la ujazo na uzito alikuwa amelimaliza kwa sentensi mbili, na mimi nilikuwa nimeliandalia vipindi vitatu.

Ninyi sasa mna simu. Mtoto anaandika mililita, anabonyeza, lita inatoka, nukta iko mahali pake. Sina ugomvi nazo, hata mimi natumia nikisoma dawa ya presha. Ila simu haitamwambia mtoto kwamba lita 0.2 ni zaidi ya nusu ya chupa ya soda, na kwamba hakuna ng'ombe anayeogeshwa hivyo. Hilo atalijua tu kama mkono wake uliwahi kushika mililita ishirini. Kwa hiyo wapeni bomba la sindano, wapeni maji, wapeni vizibo wavijaze wahesabu. Watalowesha madaftari. Yatakauka.

Na mzazi akija akasema hii mbona nyingi, acheni kila kitu mkamsikilize.

Nimalize na Jumatatu ile. Nyangeta alikuja mapema kabla ya kengele, akaniwekea daftari mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa ule ule. Lilikuwa na alama ya kidole cha udongo pembeni, sijui cha baba au cha mwana. Nikachukua kalamu nyekundu nifute vema yangu, halafu nikaona si haki, nikampa kalamu yeye.

Aliikata vema ile kwa mstari mmoja, polepole, kwa rula. Chini yake akaandika 0.02. Akanirudishia kalamu, akageuka kwenda kwenye dawati lake, akafika katikati ya darasa akasimama, akarudi, akaniomba kalamu tena, akaongeza: lita.

Nililisoma jibu lote, kuanzia sifuri ya kwanza. Ndipo nikaweka vema.